Mbuni Haingii Guniani

Kianyaga, Jumapili, mwezi wa saba tangu niondoke Lodwar

Dada yangu Akiru,

Natumaini mko wazima, wewe na mama, na mbuzi wanapata maji. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka kwa kikapu cha majani chai. Lakini dada, kaa chini nikuambie! Jumanne polisi walinikamata!

Nilikuwa napita sokoni na gunia la magunzi ya kupikia. Konstebo mmoja akanidaka mkono. "Weka gunia chini! Umeiba mbuni ya mzee."

Nikacheka. Wewe unamjua mbuni wa kwetu alivyo. Nikamwambia, "Afande, mbuni haingii guniani. Shingo ingetokeza!"

Akina mama wa viazi wakaangua kicheko. Konstebo akachomoa pingu. "Ati unanichezea?"

Hapo kicheko kikaniishia. Msimamizi wetu hufukuza yeyote anayelala seli, na bila kazi nauli ya kuja harusini kwako ningeitoa wapi? Nani angesimama na mama siku hiyo? Lakini nilikumbuka mafunzo ya baraza la chifu: polisi akikukamata lazima akuambie kosa lako kwa lugha unayoelewa, asikupige, akuache upigie watu wako simu, na siku isipite kabla hujafikishwa kortini. Na wewe usikimbie. Basi sikuvuta mkono. Nikasema, "Afande, sikatai kwenda. Lakini nieleze kosa nielewe. Mbuni gani?"

Koplo wake, mama mtu mzima, akasogea. "Wewe umetoka wapi?"

"Turkana."

Akashika kiuno, akacheka hadi kofia ikaanguka. "Wee, huyu anafikiria ndege! Kijana, hapa mbuni ni kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Gunia moja limeibwa kwa mzee mmoja huko juu. Fungua lako."

Nikafungua. Magunzi matupu! Konstebo akarudisha pingu. "Pole, ndugu. Ningeanza kwa kueleza."

Dada, mimi huyu wa darasa la tano, nimeambiwa pole na polisi, soko zima likisikia!

Sasa shambani wananiita Mbuni. Msalimie mama, umwambie sijaiba kitu. Msalimie shemeji mtarajiwa, na mjomba wetu mchunga ngamia.

Ijumaa kabla ya harusi nisubirini stendi. Mtaniona kwa mbali: shingo juu, miguu mbio, wala gunia la kunizuia halijashonwa.

Ndugu yako wa pekee,
Ekai