Juu Bado

Kibosho, 7 Juni 2004

Mwanangu Monica,

Hujambo? Sisi wazima, ila baridi imetuingia mpaka mifupani. Bibi yako anakula vizuri. Tangu augue mkono umelala, na maneno ndiyo hayo, hayatoki.

Nina hasira nawe. Kabla hajaugua alinisimulia siku babu yako Thadeus alipopeleka pombe ya mbege kwao kuposa. Niliandika yote kwenye kompyuta ya parokia, ndani ya kitabu cha jubilei ya akina mama. Leo, nikiwa nimefika mwisho wa kitabu, nimebonyeza Tafuta, nikaandika "mbege". Hiyo programu wewe na wenzako kazini mliyoigeuza Kiswahili ikanijibu: "Utafutaji umekamilika. Kipengee hakikupatikana." Kitabu cha Kibosho kisicho na mbege!

Nimelia, Monica. Hawezi kuisimulia tena.

Shangazi yako,
Bernadetha

Dar es Salaam, 15 Juni 2004

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, joto tu. Barua yako nimeisoma kazini nikatoka nje kujifuta machozi. Usifute kitu! Kompyuta hutafuta kuanzia pale kile kijiti cha kwenye skrini kinapopepesa, kwenda chini. Wewe ulikuwa mwisho, kwa hiyo kule nyuma haikuangalia. Panda hadi mstari wa kwanza kabisa, kisha utafute tena.

Yale maneno ya "kipengee" niliyatunga mimi, nikajiona msomi. Nijibu upesi, roho iko juu.

Mwanao,
Monica

Kibosho, 24 Juni 2004

Mwanangu,

Salamu baadaye. Imepatikana! Nilipanda juu, nikabonyeza, mbege ikatokea na babu yako nyuma yake. Nimepiga vigelegele hadi Paroko akaja mbio akidhani nyoka kaingia ofisini.

Sasa nikuseme. Huku ndama akipotea, mtu hasemi tu "hayupo". Anasema, "Nimetoka mferejini mpaka barabarani, sijamwona. Juu bado." Hapo unajua pa kwenda. Mashine yenu imezunguka nusu ya shamba la kihamba ikatangaza msiba! Ifundisheni adabu.

Bibi anakusalimu kwa mkono wake mzima.

Shangazi

Dar es Salaam, 20 Julai 2004

Shikamoo Shangazi,

Natumaini Bibi na ng'ombe hawajambo. Barua yako niliwasomea wenzangu. Walicheka, kisha tukabishana siku nzima, maana mmoja wao, Elimringi, alitaka kile "kipengee" changu kibaki. Ameshindwa. Kwenye bahasha kuna diski yenye programu tuliyoirekebisha, mpe Martin wa hapo ofisini akuwekee.

Jubilei sitaweza kuja, kazi zimenibana. Inaniuma sana. Niandikie kila kitu.

Mwanao,
Monica

Kibosho, 16 Agosti 2004

Mwanangu Monica,

Tu wazima, ila sauti imenikauka kwa kuimba. Jana kwenye jubilei tulimbeba Bibi na kiti chake hadi mbele, nikasoma mwenyewe. Nilipofika pale babu yako anateleza na kibuyu na kutumbukia mferejini mbele ya wakwe, watu walivunjika mbavu. Nikawa nageuza ukurasa. Bibi akasema, polepole lakini wazi: "Nikacheka. Nikasema, huyu huyu."

Ndio mstari uliokuwa unafuata. Sikuusoma tena, nilimkumbatia tu.

Leo Martin ameweka ile diski. Nikiwa mwisho wa kitabu, nimetafuta "Monica". Ikajibu: "Kuanzia hapa hadi mwisho sijaona. Juu bado. Nianzie juu?" Nikakubali. Ikarudi kwa adabu: "Nimetafuta kote, sijaona."

Kweli, kitabuni wewe humo, na jana hukuwepo. Njoo Krismasi. Asubuhi hii Bibi amekutaja kwa jina.

Shangazi yako,
Bernadetha