Samaki Wawili Kifuani

Penina, uko? Nimetoka jubilei ya ndoa ya Mzee Wenceslaus wa darasa letu la jioni, yule mstaafu wa posta.

Wametundika picha ya harusi yao ya mwaka 1984. Mkewe Hyasinta amevaa gauni langu.

Gauni LANGU. Lile dada alinishonea Nairobi, likapotelea posta, nikaolewa nimevaa kitenge cha kuazima. Alilitarizi samaki wawili kifuani kwa ajili ya baba, mvuvi wa Kibara. Hyasinta ametoka kwa wafugaji Butiama. Kwao samaki hawalagi!

Hyasinta akaniona nimeganda. "Mama Magige, umelipenda? Bado ninalo. Mjukuu wako akiolewa nitamwazima."

Wenceslaus akaangalia viatu vyake.

Nikamjibu, "Asante, nitalifuata kesho."

Nisindikize. Nimeshasali, na Mungu hajanikataza.