Mbegu Niliyoleta, Usiipande

Bunia, Jumanne asubuhi

Mama yangu,

Kwanza mguu wako wa kushoto. Ile dawa ya kupaka bado inakusaidia, au imekwisha na umenyamaza kama kawaida yako? Mimi ni mzima. Baridi ya huku bado sijaizoea. Asubuhi navaa sweta mbili na watu wa labo yetu ya kupima mbegu wananicheka, wanasema sisi wa msituni tumeumbwa kwa karatasi. Nakula vizuri, sombe na samaki wa Tchomia.

Barua hii isome mwenyewe, au kaka akusomee mkiwa wawili tu. Nimepiga simu siku nne na rezo ya kwetu haipo. Barua nampa dereva wa lori la samaki linalokwenda Kisangani, atapita kwetu njiani. Limesimama hapa likingoja njia ya Komanda ifunguliwe, na wanasema kesho litaondoka.

Mama, ule mfuko wa mbegu niliouleta Noeli kutoka labo usiupande.

Unakumbuka nilivyosema. Nilisimama jikoni kwako na viatu vyangu vya mjini, nikaonyesha masuke ya mpunga wa bibi yaliyoning'inia juu ya moto, nikasema mbegu hii imechoka, ipikeni. Ukaniuliza, "Weye umejua namna gani kama imechoka?" Nilichukua konzi moja ya punje zake nikaitia ndani ya bahasha, ili siku moja nikuonyeshe kwa vipimo kwamba nilisema kweli. Nilipaswa kupima kwanza, kisha niseme. Nilisema kwanza.

Juma lililopita nilitoa ile bahasha. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Punje naikata vipande viwili kwa wembe. Nusu yenye kiini naiweka kando, maana bado inaweza kuota. Nusu nyingine naisaga, naichemsha na dawa, naidondosha juu ya kitu laini kama uji ulioganda, kisha napitisha umeme. Ndani ya punje kuna protini za namna nyingi, na umeme unazishusha, kila moja inasimama mahali pake, kama abiria wa lori wanavyoshuka kila mtu kijijini kwake. Ukitia rangi ya buluu, unaona mistari. Mpunga tunaoulima duniani una jamaa mbili kubwa, na mistari yao haifanani. Wa bibi ni wa jamaa ambayo hutoa mbegu nyingi za shamba kavu, zinazokua kwa mvua tu. Mfuko niliouleta uliandikwa kwamba ni wa jamaa hiyohiyo. Kwa kulinganisha tu, nikapima punje za mfuko mwingine wa shehena ileile.

Mistari yake ni ya jamaa nyingine. Ni sawasawa kabisa na mpunga wa matope, ule unaotaka maji miguuni siku zote. Nilirudia mara tatu, na kila mara niliomba niwe nimekosea.

Nikampelekea chef wetu, mkuu wa labo. Yeye huniita mademoiselle wa mistari.

"Iko nini tena, mademoiselle?"

"Chef, hii si ya shamba kavu. Hii ni ya matope."

"Karatasi ya mufuko inasema nini?"

"Inasema ya shamba kavu."

"Basi iko ya shamba kavu. Weye unataka kugombana na karatasi?"

"Mupunga haijue kusoma, chef."

Alicheka sana. Kisha akainuka, akafunga mlango, akaitazama ile mistari kwa muda mrefu akiwa amesimama. Hakucheka tena. "Mifuko ilishatoka yote," akasema. "Siye tuandike nini sasa? Tungoje. Mavuno itasema yenyewe." Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeona. Nilisema hakuna. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa jina langu kamili.

Kinachonitisha ni kwamba mpunga huu utawapendeza. Utaota wote. Juma la tatu utakuwa kijani kuliko mpunga wowote uliowahi kuulima, na watu watapita shambani kwako wakikusifu kwamba una binti aliyesoma. Halafu zitakuja zile siku za jua katikati ya mvua, ambazo mpunga wa bibi huwa hauzijali. Majani yatajikunja. Masuke yatatoka yamesimama wima, nanyi mtafurahi, lakini suke lililosimama hivyo halina kitu ndani.

Tena najua hukubaki nao peke yako. Kaka aliniambia kwenye simu ya mwisho kwamba uliwagawia wamama sita wa kanisa, kisahani kimoja kimoja, kwa sababu Mado amesema. Nyumba saba, mama, kwa neno langu. Nenda kwao kabla ya mvua. Usitafute maneno ya kunifunika. Waambie Mado alikosea, wasipande, waupike tu. Ukiliwa haudhuru.

Halafu inua macho juu ya moto. Sijui kama yale masuke bado yako pale, au kama ulinitii.

Nyuma ya barua hii nimekunja karatasi. Ndani yake mna punje nzima zote zilizobaki za ile konzi, hazijai kiganja. Kama masuke yapo, zichanganye nayo. Kama hayapo, zipande karibu na mlango, uzizungushie miiba, ufukuze kuku. Zile nusu nilizozikata nimeziweka kwenye sahani yenye pamba mbichi, dirishani kwangu. Mbili zimeota. Ni dhaifu.

Nisalimie shangazi, naye alinionya siku ileile nikamwambia hajui. Nisalimie na kaka aliyebeba mfuko ule kichwani kutoka barabarani, na mke wake, na mtoto wao ambaye sijamwona akitembea.

Asubuhi hii wingu zito limelala magharibi, upande wa kwetu. Dereva atarudi huku baada ya kushusha samaki, naye amekubali kusimama tena nyumbani kwako. Ukiyakuta masuke juu ya moto, mwambie neno moja tu: yapo. Akirudi bila neno, nitaelewa.

Binti yako,
Mado