Galoni Moja Hadi Ruiru

Jumatatu, 4 Mei 1959

Nimepima tangi kwa kijiti asubuhi kabla ya chai. Harusi moja tu ya Jumamosi, Ruiru hadi Thika, kuzungusha maharusi, kisha kurudi, na petroli imeshuka namna hii. Galoni moja maili kumi na saba. Mzungu aliyeniuzia alisema ishirini na tatu. Labda yeye alikuwa anateremka kila siku.

Nimebadilisha oili. Inalamba oili pia.

Mke wangu Loise anasema niache kupima, gari litaona aibu. Lakini ng'ombe wake wawili tuliowauza wako ndani ya hili gari, na miaka yangu yote ya kuendesha lori la shamba la kahawa. Lisipojilipia hatuna kitu kingine. Kazi yake ni moja: kupeleka bibi harusi kanisani siku ya Jumamosi. Ni jeusi, viti vya ngozi, mbao za mbele zinazong'aa. Huku kwetu hakuna lingine kama hilo mikononi mwa Mwafrika. Bwana asifiwe.

Jumamosi, 9 Mei

Bibi harusi wa Kamenu, Thika. Alilia njia yote, akaacha poda kwenye ngozi ya kiti. Nimefuta na maji ya sabuni.

Gereji ya Thika, fundi Jagat amesafisha kabureta. Akaniuliza, "Baba Nduta, hii gari umenunua ama umeoa? Kila wiki inataka kitu." Nikacheka. Nikalipa.

Mteremko wa mto Ndarugu nilizima injini, nikaacha lijiendee. Breki zinakuwa nzito lakini petroli inabaki.

Loise tumbo tena.

Alhamisi, 14 Mei

Nimempeleka Loise hospitali Thika. Alikaa mbele na mimi, ameshika mlango kwa mikono miwili. Daktari amesema abaki. Sikuuliza ni ugonjwa gani.

Jumatatu, 18 Mei

Siku hizi naenda kumwona na baiskeli. Gari kwenda na kurudi kila siku litamaliza petroli ya harusi mbili. Natoka mapema, jua likiwa bado halijakuwa kali.

Leo ameona vumbi kwenye suruali yangu. Akauliza, "Umeacha gari kwa sababu yangu ama kwa sababu ya petroli?"

Nikasema petroli.

Akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Amekonda sana. Tukaomba pamoja. Yeye ndiye aliyeomba, mimi nilisema amina.

Ijumaa, 22 Mei

Loise amekufa alfajiri. Nilifika saa tatu na uji kwenye chupa.

Jumamosi, 23 Mei

Tumemzika hapa Ruiru. Niandike vile ilivyokuwa, maana kichwa changu kimekuwa kama chumba kitupu.

Mchungaji alikuja jana jioni. Akanipeleka kando, akasema kuna lori la mawe linatoka Thika asubuhi, atazungumza na mwenye lori limlete Loise. Nikamwambia gari ninalo. Akasema, "Gari lile ni la maharusi, Baba Nduta. Watu wetu unawajua."

Nikamwambia watu wetu wote wamebatizwa.

"Ndiyo," akasema. "Lakini unawajua."

Alikuwa anataja thahu bila kuitaja. Uchafu ule ambao wazee wetu walisema unatoka kwa maiti na kushika kila kitu kilichomgusa. Tulihubiriwa tuache, tukaacha. Mimi niliacha. Sikuweza kumweka Loise juu ya mawe.

Tukamfunga blanketi, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya dada yake Wanja. Kiti hicho hakuwahi kukikalia. Jumamosi zote alibaki nyumbani kwa sababu mtu mmoja zaidi ni uzito, na uzito ni petroli. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliomba pasi ya kusafiri, akaangalia nyuma, akarudi hatua moja, akanipungia mkono nipite.

Niliendesha polepole, gia ya pili. Gia ya pili inakunywa sana. Nilikuwa nawaza hilo tu njia yote. Sijui ni mtu wa namna gani anawaza hilo.

Binti yetu Nduta alifika kutoka Nyeri na mume wake. Alilia kwa niaba yetu wote.

Jumatano, 27 Mei

Mzee Kariuki mwenye duka amekuja. Jumamosi ya tarehe sita nilikuwa nimpeleke binti yake kanisani. Alikunywa chai, akanipa pole vizuri, akauliza habari za mvua. Mwishoni akasema, "Mimi sina neno na gari lako, unanielewa? Mimi ni mtu wa kanisa. Ni hawa kina mama nyumbani."

Nikasema naelewa.

Alipotoka alizunguka gari mbali kidogo, kama mtu anayepita karibu na mbwa.

Jumamosi, 6 Juni

Hakuna harusi. Yaani harusi iko, mimi ndiye sipo. Nimesikia binti wa Kariuki ameenda kanisani juu ya lori la mawe, wameweka kochi juu yake, wakafunga maua kwenye bodi. Wanja ameniambia hivyo akidhani nitacheka. Lori nililokataa limbebe Loise. Sikucheka, wala sikukasirika.

Nimewasha gari dakika chache ili betri isife. Hata kusimama linakula.

Ijumaa, 19 Juni

Wawili wengine wameghairi, wote waumini. Mmoja alimtuma shemeji yake.

Mchungaji alikuja akaombea gari. Alifungua milango yote minne, akasoma Zaburi, akaketi mwenyewe kiti cha nyuma watu wote wakiona. Ni mtu mwema. Watu wakasema amina, wakaenda nyumbani.

Mwisho wa mwezi huu bima inaisha. Tairi mbili za mbele zimekuwa laini kama kipara changu. Mchinjaji wa hapa sokoni anataka injini peke yake, aifunge kwenye kinu cha mahindi. Mabati niuze kwa ratili. Nimemwambia kama sitapata kazi mpaka tarehe thelathini, aje na watu wake.

Nimeomba. Sisikii kitu. Naendelea kuomba, kwa sababu ndio saa ya maombi.

Jumanne, 23 Juni

Jioni alikuja mtu simjui, Njoroge, fundi wa mawe anayekaa Kamenu. Kofia mkononi. Mama yake amefariki hospitali Thika, kwao ni hapa Ruiru, karibu na mto. Ameuliza malori matatu, yamekataa. Mtu akamwambia kuna mzee wa Ruiru ambaye gari lake limeshabeba.

Hivyo ndivyo alivyosema. Limeshabeba. Kisha akaona amekosea, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia akae.

Nililiona lote hapohapo. Nikikubali, hakuna bibi harusi atakayepanda gari hili tena hata mchungaji aliombee mwaka mzima. Nikikataa, mchinjaji anakuja na spana zake, na huyu mama analala Thika.

Nikamwambia petroli, na kitu kidogo cha bima.

Akasema, "Baba, hata ungetaka zaidi ningetoa."

Nikasema hiyo inatosha.

Jumatano, 24 Juni

Nimemleta.

Njoroge alikaa nyuma na mama yake, kichwa mapajani. Tulipotoka Thika akaanza kumwambia njia, akimwita Maitu, mama. Sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwongoza kipofu. "Maitu, sasa tunateremka Ndarugu. Maji yamepungua." Maitu, ule mkonge wameukata. Maitu, hapa ni Juja, pale uliponinunulia shati. Hakunyamaza mpaka mtoni kwao. Mimi niliendesha bila kugeuka.

Kwao walinitengea maji ya kunawa na chakula changu pembeni, peke yangu, kwa desturi ya thahu. Dada yake Njoroge akabeba sahani yake akaja kukaa na mimi. Kijana mmoja akauliza kama Ijumaa nina nafasi, kuna mzee wa upande wa pili amefariki. Nikasema ninayo. Nitamtuma mtu amwambie mchinjaji asije.

Nilirudi peke yangu. Barabara tupu, kahawa pande zote mbili. Nikamwambia Loise leo limekula galoni moja, na kwamba ile gia ya pili siku ya kumleta nilikuwa nimeilaumu bure, ilikuwa ni kabureta imeziba tena. Nikamwambia tumefika kwa kina Mzee Kariuki. Nikamwambia hapa ni kanisani, na hapa napunguza, kuna shimo.