Shimo la Nne

Chemutai, soma mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Lile bamba la mota ya feni ya kiwanda cha chai limekataa kuingia. Mashimo matatu yako sawa, la nne limekaa kando. Bosi wetu Jennifer ametuita sote karakana akamuuliza Mzee Zacheus, "Hapa ulikuwa unatoboa ukiangalia wapi?"

Nikasema mchoro wangu uko sawa. Sikuwa nimeufungua. Nilisema tu.

Mzee hakubisha. "Pengine ni macho, madam. Siku hizi yananisumbua." Jennifer akamwambia aweke drili chini, aende nyumbani mpaka aitwe.

Macho, Chemutai. Aliomba msamaha kwa ajili ya macho yake.

Ndipo nikafungua kompyuta. Kwenye mchoro, mashimo matatu niliyafunga kwa vipimo kutoka ukingoni, ili ukingo ukisogea nayo yasogee. La nne nililiweka kwa kukadiria, nikasahau kulifunga. Nilipopanua bamba, yale matatu yalifuata ukingo, hilo likabaki lilipokuwa. Nimelivuta kwa mausi ya kompyuta, likateleza bila kipingamizi. Zacheus alitoboa palepale karatasi ilipomwambia.

Nimemweleza Jennifer. "Mzee anajua?" Nikasema bado. "Basi wachia hapo. Nitamrudisha Jumatatu."

Niwachie hapo, abaki akidhani anapofuka?

Nimempigia Mzee. Kabla sijasema neno ameniambia yuko kwenye foleni hospitali ya Kapkatet, anangoja kupimwa macho. Akanishukuru kwa kutomfokea mbele ya watu.

Nikamwambia yote. Akauliza, "Na pale karakana, ulikuwa unajua?"

Nikasema hapana. Ni kweli. Sikuwa hata nimeangalia.