Nilibadilisha Bahasha, Sasa Shemeji Anadhani Akili Zimemtoka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinitaje, ingawa klabu yetu ya sataranji ina watu kumi na wanne na wote watanijua kabla hawajamaliza aya ya kwanza. Mimi ni fundi wa miwani, nina miaka arobaini na sita, mume wa mke mmoja, na kwenye sataranji si mtu wa kubahatisha, nimeshika nafasi ya pili klabuni mara tano, na ya kwanza sikuwahi kuishika kwa sababu siku zote ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi bomba, ambaye wenzetu wanamwita Kompyuta.

Fainali ya mwaka huu tulikutana mimi naye, tukaanza saa nane mchana kwenye bwalo la shule, na ilipogonga saa kumi na mbili mtunza bwalo akaja na funguo zake, na yule bwana habembelezeki, akatutoa nje mchezo haujaisha. Kanuni yetu ni ya kizamani lakini tunaipenda: mchezo ukikatizwa, mwenye zamu hasogezi kete ubaoni, anaiandika hatua yake kwenye karatasi, inafungwa ndani ya bahasha, na hakuna anayeiona mpaka siku ya kuendelea, ili wote wawili waumize vichwa wiki nzima kwa haki. Zamu ilikuwa yangu. Nikaandika kwamba nasogeza farasi, nikafunga, na klabu nzima ikakubaliana bahasha aitunze mke wangu, maana ni dada wa mmoja na mke wa mwingine, na zaidi ya hapo kazi yake ni kupokea sampuli kwenye maabara ya hospitali, anafunga na kutia sahihi tangu asubuhi mpaka jioni na hajawahi kupoteza hata tone la mkojo wa mtu. Akatia sahihi juu ya mkunjo wa bahasha, akaiweka kabatini kwetu chini ya mashuka.

Jumapili yeye alikuwa zamu hospitalini. Nikapanga kete mezani nione farasi wangu atafika wapi, nikaona anafika kaburini, hatua nne tu na mfalme wangu amekwisha, na papo hapo nikaona kwamba ningesogeza askari, yule wa pembeni, nafasi moja, ushindi ungekuwa wangu. Mshauri, sitakudanganya kwamba shetani alinipitia, nilifanya kwa utulivu kabisa. Nilinunua bahasha kama ileile, nikaandika askari, nikaziweka bahasha mbili pamoja kwenye kioo cha dirisha na kuifuatisha sahihi ya mke wangu kwa kalamu, na kwa kuwa mkono wangu umezoea kazi ndogondogo ikatoka kama yake. Ile ya kwanza iko ndani ya boksi la miwani, haijafunguliwa, kwa sababu mchezaji hatupi karatasi za mchezo.

Jumamosi mke wangu akaileta, mwenyekiti akamuuliza kama ndiyo yenyewe, akaitazama kitambo, akasema, "Ndiyo niliyoikuta kabatini." Ikafunguliwa, askari akasogezwa, na baada ya saa moja nikawa bingwa.

Shida ni shemeji. Hakukasirika, na ningeshukuru kama angekasirika. Alinipa mkono akaniambia, "Shemeji, nilikuwa na hakika utaweka farasi. Miaka ishirini nakujua, ukibanwa unakimbilia farasi. Wiki nzima nimejiandaa kwa farasi." Siku chache baadaye akaja nyumbani na ubao wake na saa yake ya kuchezea, akasema nichukue, yeye hajiamini tena, baba yao alianza hivihivi, kwanza alikosea mambo aliyokuwa na hakika nayo, mwishowe akawa hawajui watoto wake. Sasa hata kazini anafunga bomba, anaaga, anafika njiani, anarudi kuangalia kama kweli amelifunga. Alhamisi hii mke wangu anampeleka kwa daktari wa mambo ya ubongo.

Nyumbani kwetu amani ipo. Mke wangu hana habari, ila ameniuliza mara tatu kama nina jambo la kumwambia, na mara zote nimemjibu kwamba chumvi imetosha. Pia amehamishia vyeti vyake vyote kwa mama yake, nadhani ni kwa sababu ya unyevu.

Swali langu ni kama ipo namna ya kumtia shemeji moyo bila kugusa suala la bahasha. Nimefikiria kucheza naye nimwachie ashinde mara mbili tatu.

Ni mimi, Bingwa.

*

Bingwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nafasi ya pili mara tano inauma, hilo nakuelewa, mimi mwenyewe nina dada aliyenizidi kila kitu. Huruma yangu inaishia hapo.

Mkeo anajua. Mtu anayetia sahihi bahasha siku nzima, wewe unadhani haijui sahihi yake? Aliulizwa mbele ya watu kumi na wanne akakusitiri, halafu akarudi nyumbani kukupa nafasi ya kusema, nawe ukamjibu habari za chumvi. Na unyevu hauhusiki na vile vyeti, baba. Anakuhama kidogo kidogo, ameanza na karatasi.

Kumwachia shemeji ashinde usithubutu. Anakusoma kama gazeti, hatua ya tatu atakuwa ameshagundua, na atarudi kwake akijua kwamba hata wewe unamwona mgonjwa.

Leo mkeo akirudi kazini mkalishe umwambie, na usianze na sababu, anza na ulichofanya. Kisha mwombe mwende wote kwa kaka yake, na akikataa nenda peke yako. Mpe bahasha ya kwanza vilevile ilivyofungwa. Mwambie aseme kilichomo kabla ya kuifungua, halafu aifungue mwenyewe. Mrudishie ubao na saa yake. Klabuni mpigie mwenyekiti umweleze, na wakikufukuza usikate rufaa.

Huenda shemeji akakupiga, fundi bomba mikono anayo. Huenda mkeo asikuamini na bahasha ya bili ya umeme kwa miaka. Hayo ni yako, yabebe. Ila Alhamisi isifike kabla hujasema, maana mtu mwenye akili zake timamu ataketi mbele ya daktari, ataulizwa leo ni siku gani, na ataogopa kujibu.