Juu ya Nini Benki Haikujue

Furaha mujukuu wangu,

Huku Nyabiondo tunapumua, na bibi yangu, nyanya yako, angali ananicheka. Unasema benki ya Goma imekukatalia mukopo wa mashini ya kushona, juu ofisi yenye inachunga historia ya madeni ya watu haina kitu juu yako.

Mimi, wakati nilikuwa kijana wa nguvu kupita Masisi yote, nilienda Kalembe kukopa mbegu ya maharagi. Mama mwenye mbegu akacheka: "Mikono naiona, papa. Ulisha kurudishia nani?"

Akanipa kikombe kimoja tu. Niliona haya! Lakini nikalima, nikarudisha maharagi ya kuchagua, bila jiwe. Akayapepeta. Musimu wenye ulifuata akanipimia gunia, akaambia majirani: "Huyu namujua."

Omba kidogo kwanza, Furaha, urudishe. Haya inapita.

Tate yako